Kapinde, Mpiga Mishale wa Ukurasa wa Nne

Vijana wa atelie, chumba chetu cha kuchorea, wamenitaka niandike nilivyofanya kazi. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo wasitegemee maneno makubwa. Nitaandika kama nilivyochora: mstari mmoja baada ya mwingine, na palipokosewa nitapaacha paonekane.

Miaka yote nilimchora mtu mmoja. Jina lake Kapinde. Alikuwa mtu mbaya katika kijarida chetu cha hadithi za picha, bede kama tunavyosema hapa Bunia, kilichotoka mara moja kwa mwezi. Hakuwa mbaya mkubwa. Mbaya mkubwa alikuwa Bosi Tumbo, aliyeficha dawa za watu ili ziuzwe kwa siri, na yeye alikuwa na kurasa mbili nzima. Kapinde alikaa ukurasa wa nne, chini, visanduku viwili, mara chache vitatu. Kazi yake ilikuwa kujificha kwenye majani kando ya barabara na kupiga mishale magurudumu ya shujaa wetu, Motari Bahati, aliyebeba dawa kwa pikipiki kupeleka vijijini. Kila mwezi Kapinde alitoboa gurudumu, kila mwezi Bahati aliliziba, na dawa zikafika. Fundi wa kuziba magurudumu karibu na atelie alikuwa ananisalimu kama mshirika wake.

Siku ya kwanza niliingia chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Ndani kulikuwa na meza tatu, mashine ya kuchapia, roneo, iliyovuja wino, na Papa Teofili. Alikuwa mtu wa Butembo kama wazazi wangu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, iliyokwisha kuharibika na kalamu ya chuma, akaniambia nichore mstari ulionyooka bila kuichana. Niliichana. Akanipa nyingine, nikaichana. Mpaka mchana nilikuwa nimechana zote zilizokuwa kwenye boksi la takataka.

“Iko kama kunyoa muzee,” alisema bila kuinua kichwa. “Unagusa. Hausukumi.”

Huo ndio ushauri mkubwa niliopata katika kazi hii, na bado ninautumia hata kwa mambo yasiyo ya kalamu. Palipochanika tuliziba kwa verni ya kucha, ile rangi ya wanawake, maana dawa yenyewe ya kusahihishia stensili haikupatikana. Nilipooa, verni ilikuwa ya mke wangu, Janeti. Alilalamika kwamba vidole vya Kapinde vinapendeza kuliko vyake.

Kanuni ya atelie ilikuwa kwamba shujaa anachorwa na mkubwa. “Mutu muzuri lazima abaki na sura moja,” alisema Papa Teofili. “Mubaya, hata sura ikigeuka, nani atamulilia?” Ndivyo nilivyopewa Kapinde. Nilimchukua kwa moyo wote. Nilimpa kofia ya majani, pua ndefu na suruali fupi mno, na nikajiambia kwamba visanduku viwili vitachorwa kama vile ndivyo kijarida kizima.

Shida ilikuwa upinde. Mimi ni mtoto wa wauza vitenge. Nimekulia dukani, na silaha ya nyumbani kwetu ilikuwa mita ya kupimia nguo. Nilimchora Kapinde akivuta upinde kama mtu anayevuta mlango uliokwama, na sikujua kama ni vibaya mpaka baba mkwe alipokuja.

Muzee Silivani, baba yake Janeti, alikuwa mkulima wa Bule, kule juu Djugu. Alikuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, amebeba maharagwe na viazi. Ujanani alikuwa mwindaji wa kusifiwa. Alikaa, akanywa chai, akamshika mtoto, kisha akaona kijarida kwenye kiti. Alikitazama muda mrefu.

“Huyu ni nani?”

“Ni Kapinde, papa. Ni mubaya.”

“Mubaya kabisa,” alisema. “Hata kuku hawezi kuua. Anashika upinde sawa mutu anaanua nguo mu mvua.”

Janeti alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Mzee alinyanyuka, akanitoa uani, akanipa fimbo iwe upinde. Mguu wa kushoto mbele. Mwili upande, usimwonyeshe mnyama kifua. Kiwiko juu. Kamba ifike kwenye taya, si kwenye kifua. Na usikae umevuta. “Ukivuta, unaachilia,” alisema. “Upinde haipendi mutu wa kufikiri-fikiri.” Majirani wa mtaa wetu wa Mbunya walisimama kwenye ua kututazama, na mmoja akauliza kama bokilo wangu, yaani mkwe wangu, ananifundisha kucheza dansi.

Safari iliyofuata aliniletea mshale wake mwenyewe, umefungwa kwa kipande cha kitenge. Ufito mwembamba ulionyooka kuliko mstari wangu wowote, kichwa kidogo cha chuma, manyoya matatu nyuma. Karibu na manyoya palikuwa na pete mbili zilizochomwa kwa moto, na mkato mmoja wa mshazari kati yake.

“Uchore kama iko,” alisema. Aliponipa, kidole gumba chake kilipita juu ya zile pete, polepole, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto.

Niliona. Sikuuliza.

Niliuchora kama ulivyo. Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Wasomaji waliandika barua kusema Kapinde sasa anatisha kweli. Papa Teofili aliishika stensili kwenye mwanga wa dirisha, akasema, “Huyu amejifunza kusimama,” na kwake hiyo ilikuwa sherehe. Kisha direkta wetu, Bonifasi, mtu mwema aliyependa mauzo na kuogopa barua, akasema magurudumu yamechosha. Kapinde apige ng'ombe wa mjane, watu walie kidogo.

Nilimchora ng'ombe ameanguka, miguu imekunjika. Kisanduku cha pili nilikiachia mshale peke yake, sehemu ya nyuma, mkubwa: manyoya, pete mbili, mkato wa mshazari. Nilikuwa sijawahi kuchora kitu kizuri namna ile.

Wiki chache baadaye Janeti alirudi kutoka sokoni na kikapu kitupu. Alikuwa amekutana na mwanamke aliyeshuka kutoka Bule. Kule, ng'ombe wa mtu mmoja anayeitwa Longini alikuwa amekutwa amekufa bondeni, na kipande cha mshale ubavuni. Kichwa na shibiri moja ya ufito, basi. Sehemu ya nyuma ilikuwa imevunjika na haikuonekana. Watu hawakujua wamshuku nani. Halafu mtu mmoja akaleta kijarida chetu, akafungua ukurasa wa nne, akaonyesha.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa mjini hawajui, kama mimi nilivyokuwa sijui. Wawindaji wa kule, kila mmoja alikuwa na alama yake kwenye mishale. Mnyama akianguka na mishale ya watu watatu, alama ndiyo iliyosema nani alimpata kwanza na paja ni la nani. Na mshale ukikutwa kwenye mbuzi wa jirani, alama ndiyo iliyosema nani aje kujibu. Kilima kizima kilijua pete mbili na mkato ni za Silivani, kama mnavyojua sauti ya mtu wa nyumbani. Mimi nilidhani ni urembo.

Janeti alinieleza yote haya akiwa ameketi, anachambua maharagwe ya baba yake. Hakupandisha sauti.

“Weye ndiye ulimupiga baba mushale,” alisema, akaendelea kuchambua.

Kwa siku kadhaa alizungumza nami habari za chakula tu. Chakula kiko mezani. Chumvi imekwisha. Kutoka kwa mwanamke yule nilipata habari iliyobaki. Hakuna aliyetaka kukaa karibu na mzee. Kanisani walimwambia apumzike kwanza kusoma masomo. Shefu wa kijiji alikuwa amepanga siku ya kusikiliza kesi, na kama mzee angeonekana na kosa, angeondoka kwenye kile kilima. Mama yake Janeti alizikwa pale, nyuma ya nyumba, na mzee hakuwa na mahali pengine duniani.

Nilimwomba direkta ruhusa.

“Unaenda kufanya nini kule?” aliuliza. “Iko bede tu.”

“Kule haiko bede tena, Direkta.”

Nilifunga mshale kwa kitenge chake kilekile, nikachukua kijarida na makaa ya kuchorea, nikatafuta motari wa kunipeleka kwa pikipiki. Kabla ya Iga-Barrière gurudumu likatoboka. Tulipokuwa tunaziba, yule motari akaniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia. Alinitazama, akalitazama gurudumu, akaniomba nisimame mbali nalo kidogo.

Bule kulikuwa na baridi. Watu walikusanyika kando ya soko, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Muzee Silivani alikuwa ameketi kwenye benchi la watu sita, peke yake. Wote wengine walisimama, hata wazee wenye fimbo.

Shefu alinipa nafasi. Nikasema jina langu na kazi yangu. Nikasema alama ile niliichora mimi, niliitoa kwenye mshale niliopewa nijifunze, sikumwuliza mwenyewe maana yake, na mwenyewe hakujua kama nitaichora kwenye ng'ombe. Nikaufungua mshale, nikauonyesha. Nilidhani ukweli ukisemwa wazi unatosha. Nilikuwa bado kijana.

Longini, mwenye ng'ombe, alikuwa mtu mfupi mwenye koti kubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepoteza ng'ombe.

“Huyu ni bokilo wake,” aliwaambia watu. “Mumeona wapi mwana-mbuzi anashuhudia mama yake vibaya? Anakula maharagwe ya muzee, anakuja kulipa na maneno.”

Watu waliitikia. Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nilijua wakati ule kwamba maneno yangu hayafai kitu pale, na kwamba nina kitu kimoja tu ninachokijua. Nikamwomba shefu ruhusa ya kutumia ukuta. Akashangaa, akakubali. Nikasema: “Mutu mwenye mushale wake, wowote, alete.”

Kisha Longini mwenyewe akamtuma mtu nyumbani kwake. Nafikiri alitaka kuonyesha jinsi mshale wa mtu safi unavyokuwa. Ulipoletwa, alinipa kwa mikono miwili. Alama yake ilikuwa msalaba na nukta moja chini.

Nikageukia ukuta. Nilimchora Kapinde, kofia ya majani, suruali fupi, mguu wa kushoto mbele, kamba kwenye taya. Watoto walimtambua, wakaanza kumtaja jina. Nikamchora ng'ombe ameanguka. Halafu, mkubwa kuliko vyote, mshale ubavuni mwa ng'ombe, na karibu na manyoya msalaba na nukta moja chini, kama ulivyokuwa. Nikasogea kando.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa anauza kabichi, akapiga makofi.

“Longini! Kumbe ni weye uliua ngombe yako!”

Soko zima lilicheka. Shefu alifunika mdomo kwa kofia. Longini hakucheka. Aliutazama ukuta, na nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemwona.

“Futa,” alisema. “Futa alama yangu pale.”

“Nitaifuta, papa. Ile ya muzee, nitaifuta na nini?”

Longini akatembea mpaka kwenye benchi, akaketi. Si karibu na mzee, ule mwisho mwingine, lakini benchi lilikuwa lilelile. Baada yake akaketi mzee mmoja mwenye fimbo, kisha mwingine. Shefu akasema karatasi ya Bunia haiwezi kumshtaki mtu wa Bule, na kesi ikaishia hapo. Ni nani aliyemuua yule ng'ombe, mpaka leo sijui, na sitabuni.

Nilifuta ukuta kwa maji na majani. Halafu nikamsindikiza mzee nyumbani, nikingojea aniambie neno zuri. Tulitembea mpaka tukaona paa lake.

“Makaa inaenda na mvua,” alisema. “Karatasi yako iko mu nyumba za watu.”

“Nifanye nini, papa?”

“Weye ndiye unajua kuchora.”

Hayo tu. Aliingia ndani, akaniletea maji ya kunywa, maana hata akiwa na hasira alikuwa na adabu.

Nilirudi Bunia na kumwambia direkta kwamba toleo linalokuja nahitaji ukurasa mzima, si visanduku viwili, na kwamba utasema tulikosea. Alicheka kwanza. Alipoona sicheki, akafunga mlango.

“Kijarida haiombi musamaha,” alisema. “Ikianza leo, kesho watauliza kitu gani ingine tulikosea. Halafu nani atatuamini habari ya dawa?”

“Watu wa Bule hawatuamini tena tangu sasa.”

“Kapinde ni mutu mudogo! Ni ukurasa wa nne! Chora mushale bila alama, watu watasahau.”

“Muzee hatasahau.”

Niliweka kalamu ya chuma juu ya meza yake. Nilikuwa na mtoto mmoja, wa pili yuko njiani, na sikuwa na kazi nyingine.

“Unaacha kazi juu ya visanduku viwili?”

“Ndivyo niko navyo, Direkta. Hivyo viwili ndivyo nitajibu.”

Papa Teofili alikuwa mezani kwake, anaandika maneno ya Bosi Tumbo ndani ya mapovu ya kusemea. Hakuinua kichwa.

“Achukue ukurasa wa kwanza,” alisema.

“Ule ni wako,” alisema direkta. “Ni wa Bahati.”

“Bahati apumuzike. Amechoka kuziba magurudumu.”

Direkta alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akairudisha kalamu yangu upande wangu wa meza kwa kidole kimoja, akatoka nje. Huko ndiko kulikuwa kukubali kwake. Katika miaka yote niliyofanya kazi pale, ni toleo lile moja tu ambalo shujaa hakuonekana ukurasa wa mbele, na aliyempisha mtu mbaya ni yule aliyempenda shujaa kuliko sisi wote.

Nilichora visanduku sita. Katika cha kwanza Kapinde amelala, podo liko tupu. Katika cha pili anaiba mshale ukutani kwa mzee mmoja mwindaji. Cha tatu anaupiga. Cha nne mzee anamjia barabarani na kumwonyesha alama. Cha tano Kapinde anaurudisha, amevua kofia, na kwa mara ya kwanza watu waliona ana upara. Cha sita hakikuwa na picha. Niliandika kwa herufi zangu kwamba pete mbili na mkato ni alama ya mtu wa kweli, mtu mwema. Kwamba Kapinde hakuwahi kuwa na mshale huo. Kwamba mchoraji aliinakili bila kuuliza. Na kwamba kosa ni la mchoraji. Chini nikaweka jina langu lote. Kabla ya hapo hakuna kati yetu aliyewahi kutia jina.

Tulituma furushi la nakala Bule kwa motari. Waliniambia baadaye kwamba nakala iliyobandikwa kwenye nguzo ya soko ilibandikwa na Longini mwenyewe, kwa ugali. Janeti aliusoma ukurasa ule amesimama mlangoni, mara mbili. Kisha akasema chumvi imekwisha, lakini safari hii alicheka aliposema.

Mzee aliposhuka tena na maharagwe yake, alikuta Kapinde wangu mpya anapiga mishale isiyo na alama yoyote. Nilijivunia jambo hilo. Yeye alikunja uso.

“Mushale bila alama ni ya mwizi.”

“Kapinde ni mwizi, papa.”

“Kapinde haiko. Kamba iko mu mikono yako.” Alichukua mshale wake, akanionyesha tena zile pete, na sasa akanieleza alichokuwa anagusa siku ile. “Hii inasema: niulizeni miye. Tafuta ya kwako.”

Nilitafuta kwa siku nyingi. Mwishowe nikachagua mistari miwili inayokutana kwenye nukta, kama ncha ya kalamu. Tangu siku ile kila mshale wa Kapinde ulikuwa na alama yangu. Kila gurudumu alilotoboa, ukiangalia vizuri, ni mimi.

Miaka ikaja ambayo siwezi kuiandika kwa visanduku. Barabara ya juu ilifungwa na familia za Djugu zikashuka na magodoro kichwani. Muzee Silivani alifika kwetu Mbunya akiwa na upinde usio na kamba na sanduku la mbao. Mshale aliutundika juu ya mlango wetu. Alikuwa akiketi kando ya meza yangu, anasahihisha kiwiko cha Kapinde. Mjini walikuwapo sasa watoto walioona mishale ya kweli na mambo mengine mabaya zaidi. Siku moja mama mmoja kutoka kambi ya waliokimbia vita alikuja atelie na binti yake mdogo. Hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto hakigusi kijarida kwa sababu ya ukurasa wa nne. Nilimwomba msamaha, na Kapinde nikamnyang'anya upinde. Kwa muda mrefu alilima viazi chini ya ukurasa, vibaya. Papa Teofili alisema hajawahi kuona mtu mbaya aliyekosa kazi akihangaika namna ile. Kisha siku moja yule mama alirudi kuniambia kwamba mtoto anauliza: “Kapinde atakula nini kama hapigi?” Nikamrudishia upinde. Lakini hakupiga tena kitu chenye damu. Ni magurudumu tu, na mara nyingi alikosa.

Mzee alifia nyumbani kwetu, akazikwa hapa, mbali na mkewe. Janeti alilichukua lile neno la baba yake, niulizeni miye, akalitumia. Pete mbili na mkato alizichora kwa rangi kwenye mabeseni yake, kwenye kiti, kwenye dumu la maji, na hakuna jirani aliyekosea dumu. Papa Teofili naye akaenda. Nilimwandikia jina msalabani kwa mkono uleule aliounyoosha, nikagusa, sikusukuma. Walinipa nimchore Bahati baada yake. Nilikataa. Nilikuwa na wangu.

Roneo iliondoka, ikaja fotokopi, ikaja kompyuta, na sasa vijana wanachora juu ya kioo kwa kalamu isiyo na wino. Mstari ukikosewa unafutika na hakuna anayejua. Siwalaumu. Ninasema tu kwamba verni ya kucha iliacha kovu, na kovu lilinifundisha.

Janeti alifariki mvua iliyopita. Ugonjwa haukuwa mrefu. Sitaandika zaidi juu ya hilo, maana aliyefahamu anafahamu. Seremala alipomaliza msalaba, nilimwomba nikae nao siku moja. Chini ya jina lake nilichoma pete mbili na mkato, na kando yake mistari miwili inayokutana kwenye nukta. Seremala aliuliza ni maandishi gani. Nilimwambia ni ili mtu akiwa na neno juu ya huyu mama, ajue wa kumwuliza, na wawili tuko tayari kujibu, mimi hapa na baba yake huko waliko.

Nilifanya kazi mwezi mmoja zaidi, nikaona mkono wangu unasukuma. Nikaacha.

Kapinde sasa ni wa Gloria, msichana mwenye mkono mwepesi kuliko wangu. Siku ya kuniaga alisema, “Papa, unitumie ile alama yako, nitaikopi, haitaonekana tofauti.” Anaweza kabisa. Nilimpa kofia ya majani, suruali fupi, mguu wa kushoto mbele, kamba kwenye taya. Nilimpa na fimbo, nikamtoa uani, majirani wakatazama tena. Alama sikumpa. Nilimwambia atafute ya kwake, na asiulize inapendeza namna gani, aulize kama ataweza kusimama mbele ya soko la watu na kusema ni yake.

Alikasirika kidogo. Ni wiki ya tatu sasa. Jana alinionyesha ukurasa wa nne kwenye kioo chake: Kapinde amejificha kwenye majani, amesimama vizuri, kiwiko juu, kamba kwenye taya, na mkononi hana mshale. Gloria bado anafikiri juu ya alama yake. Nilimwambia upinde haupendi mtu wa kufikiri-fikiri. Akanijibu kwamba huu utangoja.